Pakiti Safi

Kampuni ile nimeivalia fulana yake miaka mingi, na leo hata harufu ya sabuni ya sakafu zake hunitia kichefuchefu. Ilianza na duka moja la dawa Mombasa. Ikajenga kiwanda cha dawa ya kikohozi, ikafungua Malindi, ikafungua Mpeketoni, na iliposikika inatafuta chumba Kililana karibu na bandari mpya, sisi wa Lamu tulikuwa tumeshamezwa. Walinunua duka la mzee mmoja wa mji. Mimi nilikuwa muuzaji wake, wakaninunua pamoja na makabati.

Mzee yule, mwezi wa Ramadhani, hakumpa mtu dawa bila kumuuliza, "Una saumu?" Ukiitikia, alifikiri, pengine akampigia daktari simu, kisha akaandika juu ya pakiti kwa herufi za Kiarabu: kimoja futari, kimoja daku. Mama zetu wengi wamesoma chuo cha Kurani tu. Herufi hizo ndizo wanazozijua.

Kampuni ikaleta mashine ya kuchapa lebo. Meneja alishuka kwenye boti amebana pua kwa ajili ya punda wetu, akaniambia kuandika kwa mkono ni kuchafua pakiti, tena kunachelewesha foleni. Nami, Mungu anisamehe, nikazitupa kalamu za mzee kwenye pipa, nikajiona nimeendelea.

Ramadhani ya kwanza, mama yangu alikuja kuchukua vidonge vya sukari. Vya zamani alimeza kimoja tu kwa siku. Daktari alikuwa amembadilishia. Nikamsomea lebo mbio mbio: kimoja, mara tatu kwa siku. "Haya mama, mpishe wa nyuma." Nilijua amefunga. Daku tulikula naye sahani moja.

Isha ilipopita nilirudi nyumbani, nikamkuta ameanguka chooni kando ya birika, kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka. Nilijua sukari imemshuka, nikampaka asali ndani ya shavu kwa kidole, huku nikimtukana meneja aliyekuwa kwake Mombasa anakula sambusa. Mama alipopata kauli nilimuuliza amemeza vingapi.

"Zitatu," akasema. "Mtana n'na saumu, mwanangu. Nimezimeza zote kwa futari. Si wewe ulonambia zitatu?"

Asubuhi meneja alituma picha ya tawi jipya, na chini yake pongezi kwa wafanyakazi wote. Niliitazama nikatema mate. Kisha nikavaa fulana, nikaenda kufungua duka, maana mnafiki hakosi kazi.

Baada ya wiki mama alikuja tena. Alipokea pakiti yake safi, akanishukuru kwa adabu kama anavyomshukuru mgeni. Kupitia kioo cha mlango nilimwona akishika njia ya nyumbani kwa yule mzee, akaandikiwe.