Nilimjibia Mama Mkwe Kwenye Foleni ya Meli

Mimi ni mkosaji, na naomba niseme hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitapamba. Likizo ya shule iliyopita nilimpandisha mama mkwe wangu kwenye mchezo wa kurusha watu, huku nikijua ana presha. Nilipoulizwa kama mama ni mgonjwa, nikasema ni mzima. Mke wangu hajui mpaka leo.

Naandika haya nikiwa dukani kwangu Mtanda, hapa Lindi mjini. Nauza vipuri vya pikipiki. Mlango nimeurudisha kana kwamba nimeenda kuswali, na Mungu anisamehe kwa hilo pia.

Ugonjwa wangu ni ujuaji. Nikianza jambo lazima niwe fundi wa jambo hilo. Tulipokubaliana kwenda Dar na watoto, tufikie kwa shemeji yangu Mbagala, halafu siku moja tuwapeleke kwenye ile sehemu kubwa ya michezo, basi nikawa sina kazi nyingine. Usiku na mchana natazama video za watu waliokwenda. Nikajua mchezo upi una foleni, upi wa kitoto, upi unaanza kujaa saa ngapi. Nikapanga: farasi wa kuzunguka kwanza kwa ajili ya mdogo wetu Sudi, kisha magari ya kugongana, kisha meli kabla jua halijawa kali, gurudumu kubwa jioni. Wateja wakija kununua tairi nawasimulia meli. Jirani yangu muuza chapati akaniambia, "Baba Zai, wewe unapeleka watoto au unajipeleka mwenyewe?" Tukacheka. Alikuwa amesema kweli.

Mke wangu aliposikia mama yake naye anakuja, alifurahi, lakini alinikalisha jikoni akiwa anapara samaki.

"Mama presha yake si ya mchezo," akasema. "Na dawa anameza akikumbuka. Pale asipande kitu chochote kinachorusha. Atakaa chini na mimi na Sudi. Umesikia, baba Zai?"

"Nimesikia," nikasema.

Nilisikia, jamani. Sitaki mtu aje aseme labda sikuelewa.

Mama mkwe anatoka Kikole, huko Kilwa, ni mkulima wa mihogo na ufuta. Alitungoja Nangurukuru, basi letu likampakia, ana mfuko wa korosho za kubanika kwa ajili ya wajukuu. Sasa niwaeleze mimi na yeye tunaishi vipi, maana bila hilo kosa langu hamtalielewa. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Sijawahi kula naye sahani moja, wala kukaa naye mkeka mmoja. Nikisema "Shikamoo mama," anaitika "Marahaba baba" akiwa ametazama pembeni, ushungi wa kanga ameuvuta. Akiwa na shida kwangu anamwambia binti yake, naye binti ndiye ananiambia mimi. Na katika miaka yote ya ndoa yetu, mama yule hajawahi kunikatalia neno mbele ya watu. Kwake kumkatalia mkwe hadharani ni kumvua nguo.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Sudi alipanda farasi wake akagoma kushuka. Kwenye magari ya kugongana Zai, binti yangu wa miaka tisa, alinigonga mpaka kiuno kikauma. Mama mkwe alisimama nje ya uzio, anacheka na mdomo ameuziba kwa kanga. Nikajisikia mwanaume. Nikasema moyoni, hii ratiba nimeipanga mimi.

Kisha tukafika kwenye meli.

Kwa asiyeijua, ni meli ya chuma iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Haiendi popote, inabembea tu mbele na nyuma, kila mara juu zaidi, mpaka waliokaa kwenye ncha wanaona ardhi chini ya nyuso zao. Viti vyake vinatazamana, nusu ya watu ncha hii na nusu ncha ile. Mimi nilishaamua tangu Lindi kwamba Zai atakaa ncha moja, mimi ncha ya pili na simu yangu, nimrekodi uso wake akipiga kelele. Hiyo video niliiona kichwani kabla sijaipiga. Nilishaona mpaka watu nitakaowatumia.

Tukiwa kwenye foleni Sudi akajichafua. Mke wangu akamchukua kwenda kumwosha, akaniachia mama mkwe na mfuko wake. "Narudi sasa hivi," akasema.

Foleni ikasogea. Dada anayesimamia mchezo akampima Zai kwa macho akasema, "Huyu hapandi peke yake, lazima akae na mtu mzima ubavuni."

Ningeweza kukaa naye mimi. Ningeweza kumngoja mke wangu. Ningeweza hata kusema basi, twende kwingine, michezo imejaa. Lakini video yangu ingekuwaje? Nikageuka.

"Mama, naomba ukae na mjukuu wako. Mara moja tu."

"Mimi, baba?"

"Wewe, mama. Haina shida yoyote."

Akaitazama ile meli. Ilikuwa juu, watu wanapiga mayowe. Kisha akatazama kule mke wangu alikopotelea, akatazama kwa muda. Alikuwa anamtafuta mtu wa kumsemea. Zai alishakimbia kuwahi kiti cha mwisho.

Dada akamuuliza, "Mama, una presha? Moyo? Mgongo?"

Aliyeulizwa ni mama, na mimi ndiye niliyejibu. "Huyu mama ni mzima kabisa," nikasema, "analima shamba zima kwa mkono, sisi vijana hatumuwezi." Dada akacheka. Watu wa nyuma yetu nao wakacheka. Mama mkwe akainamisha uso, akavuta ushungi, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, baba."

Nilijua hatanipinga. Hilo ndilo ninaloliungama leo. Meli ni chuma tu. Mimi niliitumia heshima yake kumfunga mdomo.

Kile chuma cha kuzuia watu kikashuka mapajani. Yeye na Zai kule, mimi huku, tunatazamana uso kwa uso. Sijawahi kumtazama mama mkwe hivyo. Mwanzo meli inabembea taratibu, Zai anacheka, nami nimeinua simu. Mama amekishika kile chuma kwa mikono miwili. Mara ya tatu au ya nne tukapanda juu kweli, tumbo likabaki chini, nikawaona wao wapo chini yangu kabisa, kisha wao wakapanda, nikawaona wananining'inia juu. Mdomo wa mama ulikuwa wazi lakini hakuwa anapiga kelele.

Kisha ushungi wake ukaanguka.

Kanga ilimtoka kichwani ikakwama begani, nywele zake za mvi nikaziona, mama ambaye nikipiga hodi hujifunika kwanza ndipo aitikie. Hakuinua mkono kuuokota. Mkono ulikuwa umelegea, unakwenda na meli ikienda, unarudi na meli ikirudi. Hapo nikajua. Nikasahau hata kama nina simu.

Nikapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!"

Na watu wote kwenye ile meli walikuwa wanapiga kelele hiyo hiyo. Simamisha, mama nakufa, nishushe, huku wanacheka. Jirani yangu wa kiti akanipiga begani, "Kaza roho, braza." Yule dada akatupungia mkono kutoka chini. Nikaendelea kulia simamisha, nikipanda na kushuka, namtazama mama mkwe wangu kichwa kimemlalia Zai, na Zai hacheki tena, ananitazama mimi. Sijawahi kuogopa vile. Nimewahi kuanguka na pikipiki barabara ya Mingoyo, hiyo ilikuwa hofu ya muda mfupi. Hii nilikaa nayo, nimefungwa kwenye kiti, siwezi kushuka wala kumfikia, na niliyemweka pale ni mimi.

Ilipotulia nilirukia kule. Zai akasema, "Baba, bibi amenilalia, ni mzito." Mdomo wa mama ulikuwa umekwenda upande. Nilimbeba mwenyewe mikononi mpaka getini, mke wangu anakuja mbio na Sudi mgongoni, anauliza nini, nini, amefanya nini, na mimi nasema tu twende, twende.

Hospitali wakasema presha ilipanda sana, amepata kiharusi, bahati kubwa amewahishwa. Jioni akafumbua macho akatutambua. Mke wangu akashusha pumzi, kisha akanigeukia pale pale kando ya kitanda.

"Nani alimpandisha mama?"

Wallahi nilifungua mdomo. Sijui kama ningesema kweli au ningepamba. Kabla sijatoa neno, mama mkwe akaongea kwa ule mdomo uliopinda, kwa shida, neno moja moja.

"Nilitaka mwenyewe."

Mke wangu akaanza kulia kwa hasira. "Mama! Nimekwambia mangapi mimi?" Na mimi nikafunga mdomo wangu. Nilihisi nafuu, nawaambia ukweli. Nilisimama mbele ya mama wa watu aliyelala pale kwa ajili yangu, nikahisi nafuu.

Ile nafuu haikufika asubuhi. Tangu hapo naishi kwa woga. Zai akiniita "Baba" nashtuka, nadhani amekumbuka kitu, labda alisikia kule kwenye foleni. Mke wangu akikaa kimya kidogo nadhani amejua. Simu yake ikiita kutoka Kikole nashika ukuta, nasema leo mama amefariki, leo nimeua.

Hakufa. Alirudi kijijini, anatembea, lakini mkono wa kulia haushiki jembe. Majirani wamempalilia kidogo, kisha kila mtu na shamba lake.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nikamdanganya mke wangu nafuata mzigo Kilwa, nikaenda Kikole. Nikakaa nje barazani, yeye ndani nyuma ya pazia la mlango, kama ilivyo desturi yetu. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilijua unaumwa. Na binti yako nitamwambia mwenyewe, nikirudi tu."

Akasema, "Baba, mimi nimekusamehe tangu siku ile. Lakini usimwambie."

"Mama, dhambi itaniua."

"Mwanangu namjua. Ukimwambia hatakaa kwako siku mbili. Atakuja hapa na watoto wote wawili." Akasita kidogo, nadhani alikuwa anafuta mdomo, maana mate humtoka akiongea sana. "Nitawalisha nini, baba, na mkono huu? Naogopa. Nakuomba, usimwambie."

Mama ambaye hakuwahi kuniomba kitu kwa mdomo wake, ombi lake la kwanza kwangu ndilo hilo. Nikasema ndiyo mama. Nikapanda pikipiki nikarudi.

Sasa nimekwama. Nikisema, nawatupia mzigo mama na watoto. Nikinyamaza, yeye ndiye anayebeba kosa langu. Na analibeba kweli, maana mke wangu kila akipiga simu lazima wagombane. Ijumaa hii aliweka sauti ya juu, tuko mezani wote, na Zai yupo.

"Mama, utu uzima wote ule, ulitafuta nini kwenye yale mavyuma? Unaona sasa? Hata uji unashindwa kukoroga!"

"Nilitamani tu, mwanangu. Nisamehe."

Mke wangu akanisukumia simu. "Baba Zai, mwambie na wewe. Wewe anakuheshimu, atakusikiliza."

Wananitazama wote. Zai ameacha kijiko kwenye sahani.

Nikasema, "Mama, siku nyingine usiwe mkaidi."

Akanijibu kwa ile sauti yake ndogo, "Nimesikia, baba."

Ndiyo maana niko hapa na mlango umerudishwa, nawaandikia watu nisiowajua. Wewe unayepanga kuwapeleka wako kwenye michezo, panga utakavyo, tazama video mpaka macho yavimbe, lakini mtu akiulizwa hali ya mwili wake mwache ajibu mwenyewe. Na kama ni mkwe wako, ondoka kabisa pale, sogea mbali, mlete mtoto wake amuulize pembeni, kwa sababu mbele yako atasema haya baba hata kama anakufa. Mimi nilisimama pale pale karibu yake, na mpaka leo bado namjibia.