Kofia ya Marehemu Majidi

"Siendi Lusewa," alisema Romwaldi. "Na ukiendelea kunisema hivi nitahama nyumba hii."

"Hama," mkewe akamjibu. "Kule Mpitimbi ulishakwenda kujificha shambani, ukarudi na kupe tu."

Leticia alikuwa anachagua maharage, na kila bovu analirusha miguuni kwa mumewe. Mimi nilikaa mlango wa uani na ungo wangu, napepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa, ili nisikie vizuri. Romwaldi ni mwanangu, kitinda mimba. Ana mashine ya kusaga hapa Mjimwema, Songea, na zamani alikuwa na tumbo ambalo Jumapili lilitangulia kanisani, likishapata nafasi kwenye benchi ndipo mwenyewe anaingia.

Hilo tumbo ndilo lililompeleka baharini. Hospitali walimwambia presha imepanda, apumzike, afanye mazoezi. Rosemary, dada yake Leticia, ni nesi kule Mtwara, akasema njooni likizo kwangu, upepo ni wa bure. Kwa watu wa kwetu likizo maana yake kwenda kulima shamba la pili, lakini wao wakafunga mashine, wakapanda basi.

Alfajiri ya kwanza kule akasikia watu wanaimba barabarani. Kumbe kikundi cha jogging cha mtaani, wanaume kwa wanawake, fulana rangi moja, filimbi mbele, mchakamchaka kama wa shule. Kiongozi wao, Muhsini, akamwona amesimama getini na kikoi, akamwita. Mimi nikiwasimulia majirani nasema alikimbia mpaka kaa wa mchangani wakampisha na kumwamkia shikamoo. Ukweli ni kwamba alifika kwa muuza madafu wa kwanza akakaa chini. Lakini hawakumcheka. Wawili walirudi nyuma wakatembea naye, kesho yake wakafika naye mbele kidogo, na siku zilivyokwenda wakampa na fulana. Muhsini aliposikia huyu ni Mngoni, akaanza kumwita mtani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu mtani si wa kuchekeana naye tu, ana kazi. Mtu akifa, mtani anakuja msibani, anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama yeye, anadai chakula chake, na kaburini anajilaza humo mpaka abembelezwe kutoka. Wafiwa wanacheka na machozi yao usoni, na hakuna wa kukasirika. Mimi kazi hiyo nimeifanya. Kuna mzee mmoja nilimwigiza vizuri mpaka mbwa wake akanifuata nyumbani, akakaa kwangu hadi akazeeka. Romwaldi amekua anaona hayo. Lakini Muhsini wa watu alimwita mtani kama watu wa mjini wanavyomwita kila mmoja bosi.

Sasa, kikundi kile kilikuwa kimefiwa na mwenzao, Majidi, kabla Romwaldi hajafika. Kila siku wakikimbia walimtaja: bega moja chini kama aliyebeba ndoo, anapuliza mluzi kwenye meno, na akifika kwake kabla ya kukaa anaulizia uji. Romwaldi alimjua mtu huyo bila kumwona. Siku ya arobaini wakakimbia mpaka nyumbani kwa marehemu kwa ajili ya dua. Kofia ya Majidi ilikuwa imetundikwa msumarini barazani. Mwanangu akaiona, akawaza, mtani ni mimi, watu wananingoja mimi.

Akaivaa. Akashusha bega, akaanza mluzi. Wa barazani waliganda, yeye akadhani wanabana kicheko. Akapita sebuleni mpaka mlango wa chumba alichokaa mjane, Mwamvua, ambaye yumo ndani ya eda na mwanamume mgeni haruhusiwi kuonana naye, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka mbio, "Mama, nimefika. Uji wangu uko wapi?"

Mwamvua akainuka. Hakuinuka kwa hasira. Aliinuka kama mke anayempokea mumewe, akaja mpaka mlangoni, akanyoosha mkono kuipokea kofia. Ndipo akauona uso.

"Vua," akasema.

Muhsini alimshika Romwaldi mkono akamtoa nje kama anavyoongozwa kipofu, akamwambia kwa upole kwamba wao jambo hilo hawanalo. Afadhali angempiga. Kesho yake walikuwa kwenye basi la kurudi, na Leticia anasema mume alisafiri njia nzima amejifunika khanga yake kichwani kama bibi harusi.

Tangu hapo hakimbii. Tumbo limekwisha lenyewe kwa kutokula, hospitali wangempongeza. Mteja akija na debe lake akamwita mtani, anazima mashine na kutoka nje mpaka mtu huyo aombe radhi kwa kosa asilolijua.

Sasa Rosemary ametuambia eda imekwisha, na Mwamvua amerudi kwa mama yake Lusewa, huko Namtumbo, mkoa huu huu wetu. Leticia anataka mumewe aende akakae chini mbele yake, aombe msamaha kwa mdomo wake. Romwaldi akasema atapeleka unga, kiroba kizima cha sembe.

"Aupike uji, si ndiyo?" Leticia akamuuliza. "Akukumbuke vizuri."

Hapo mwanangu akanigeukia mimi. "Mama, wewe unazijua hizi kazi. Mwambie. Mtani anakosaje msibani?"

Mimi nina maneno ya kuazima watu na yangu yakabaki. Nilitamani kudanganya, na uongo mzuri nilikuwa nao.

"Mimi nilikuwa naitwa, baba," nikamwambia. "Wewe nani alikuita?"

Akainama. Kisha akasema polepole, "Aliinuka, mama. Alifurahi. Nikienda Lusewa, akiniona mlangoni, atainuka tena."

Leticia akaacha maharage. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya ugomvi.

"Baba Severina, dada Rosemary alinipigia asubuhi. Mwamvua hayuko Lusewa. Amefika Songea jana, anaulizia nyumba ya mwenye mashine Mjimwema."

"Anataka nini?"

"Hakusema."

Romwaldi akachomoa koti lake kitini, akaja mbio upande wangu, mbio nzuri kweli, hata wale wa Mtwara wangempigia makofi. Mimi nikainyoosha miguu yangu yote miwili ikajaa mlango, ungo juu yake.

"Mama, nipishe."

"Miguu imekufa ganzi," nikasema.

"Mama, nakuomba. Mwambieni nimesafiri. Mwambie mimi siku ile—"

Kwenye mlango wa mbele sauti ya mwanamke ikapiga hodi, Leticia akaitika karibu, na Mwamvua akaingia.