Siku Bi Nargisi Alipoimba Kilindoni

Sauti ya Bi Nargisi niliijua kwanza ikiwa nzito na ya kuvuta, kama ya mtu anayeimba huku anasinzia. Nilikuwa nimeshaanza shule ndipo nilipotambua kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, na kwamba kilichosinzia ni betri za redio kaseti yetu. Mama alikuwa akizitoa na kuzianika juani kwenye jamvi, pembeni ya mwani, na kwa nusu saa hivi baada ya hapo mwimbaji alipata nguvu, ufukwe wote wa Utende ukamsikia. Mwani unaokauka una harufu ya chumvi na ya kitu kilichoanza kuoza kidogo. Mpaka leo nikikutana na harufu hiyo natega sikio, nikitarajia fidla. Naanza na harufu na sauti hiyo kwa sababu, katika yote nitakayosimulia, ni hayo tu ambayo hayanitii hofu.

Kaseti hiyo ya taarabu ya Bi Nargisi ilikuwa ya watu wawili. Nusu ya kwanza ya wiki ilikaa kwetu, nusu ya pili ilikaa kwa Bi Mosi, jirani yetu na shoga wa Mama tangu wakiwa wasichana. Bi Mosi alikuwa mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kidogo cha jirani, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume, Hatibu, aliyeajiriwa kwenye boti ya doria ya watu wa hifadhi ya bahari. Wanawake hao wawili walikaa kivulini kutwa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba na kubishana kuhusu Bi Nargisi. Walimwona mara ya kwanza kabla hawajaolewa, alipokuja Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, na kundi lake, nao wakaenda na jozi moja ya viatu, wakabadilishana katikati ya onyesho ili kila mmoja apate kusimama mbele amevaa. Mama alishikilia kwamba gauni la siku ile lilikuwa la kijani. Bi Mosi aliapa lilikuwa la buluu, na kwamba Mama hakuona vizuri kwa sababu alikuwa analia. Walimwona tena Dar es Salaam, kwenye harusi ya ndugu wa Mama, na hapo pia hawakukubaliana alianza na wimbo gani. Mimi niliyewasikiliza kila siku nilimjua mwimbaji huyo kuliko nilivyowajua shangazi zangu.

Miaka ile hifadhi ilikuwa bado mpya na watu walikuwa hawajaizoea. Baba na ami yangu walikuwa na juya, wavu mkubwa wa macho madogo unaokokotwa na watu wengi, wa aina iliyokatazwa. Walikuwa wamejinyima muda mrefu kulipata. Mchana lililala mikokoni nyuma ya kisima cha zamani, limefunikwa makuti, na kila mtu mtaani alijua na kila mtu alinyamaza. Nilikuwa darasa la tatu. Siku moja alikuja shuleni dada mmoja wa hifadhi, mpole, mwenye kitambaa kilichochorwa samaki na matumbawe, akatuonyesha kipande cha wavu na kuuliza nani amewahi kuona wenye macho madogo namna ile. Wenzangu waliokuwa na akili walitazama chini. Mimi nilinyoosha mkono, nikapigapiga vidole ili nichaguliwe, nikasimama na kusema kwa sauti ya kusoma shairi kwamba Baba yangu analo, tena jipya, tena limefichwa mikokoni nyuma ya kisima. Nilitaka kumsifu Baba. Dada yule alitabasamu, hakuandika popote, akaniuliza jina na kuwaambia wenzangu wanipigie makofi ya kilo. Nikapigiwa.

Siku ya tatu yake, asubuhi, boti ya doria iliingia moja kwa moja kwenye mikoko ile bila kupapasa. Nilikuwa nimesimama na Mama kwenye maji mafupi, kwenye vigingi vyetu vya mwani. Niliona wanaume wanne wakilibeba juya, mmoja wao Hatibu, akiangalia miguu yake. Baadaye tulisikia limechomwa moto. Baba alirudi nyumbani, akala, akanawa, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, ambayo ndiyo tuliyoiogopa, kwamba akimjua aliyesema atamchana mdomo aende nao wazi mpaka kaburini. Baba yangu hakuwa mtu wa kutishia bure. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kovu la kumwonyesha mtu yeyote mwenye shaka.

Sijui niieleze vipi hofu ile. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeacha kulala chali, nililala kifudifudi nimeufukia mdomo kwenye mto. Mwenzangu wa darasani akicheka, nilidhani anakwenda kusema. Baba akiniita kuchukua maji ya kutawadha, nilijibu “Labeka” na kuyapeleka nimeinamisha uso. Wala sikusema kitu. Kila siku iliyopita bila kusema ilifanya siku ya pili yake kuwa ngumu zaidi, mpaka nikaanza kuomba kwa Mungu, astaghfirullah, mtu mwingine apatikane na kosa langu.

Akapatikana. Nani mwenye mtoto kwenye boti ya doria? Nani aingiaye kwetu bila hodi, akajua tunapika nini na tunaficha nini? Mama alilikataa wazo hilo siku mbili, ya tatu akalikubali lote. Aliichukua kaseti, ambayo wiki ile zamu yake ilikuwa imekwisha, akaifungia sandukuni. Bi Mosi alikuja kuuliza, Mama akamjibu kutoka ndani bila kufungua mlango, “Nyumba hii haina mtu.” Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango huohuo.

Ndipo habari zikaja kwamba Bi Nargisi anakuja Kilindoni. Ingekuwa mwaka mwingine ningeruka kwa furaha. Lakini nilijua desturi ya taarabu, watoto wa kike wote tuliijua. Mwanamke mwenye la kusema husubiri ubeti unaosema jambo lake, hapo hunyanyuka, huenda mbele akicheza taratibu, na kabla ya kumtunza mwimbaji huinua ile noti na kumwelekezea anayemkusudia. Tangu hapo maneno ya ubeti yanamsema huyo. Na aliyeelekezewa ana njia moja tu: naye apande, amtunze mwimbaji, aelekeze noti arudishe. Asipofanya hivyo, amekubali mbele za watu, na hakuna kikao wala mzee atakayemsafisha tena. Kwenye kaseti yetu kulikuwa na wimbo ambao kila mtu kisiwani aliujua, na ndani yake ubeti huu:

*Nyumbani nalikuweka, nawe ukala na kunywa,*
*mlangoni ukitoka, siri zangu wazigawa.*

Mama alipiga pasi gauni lake siku mbili kabla, na kila alipopitisha pasi aliuimba ubeti huo kimoyomoyo, midomo ikicheza tu.

Onyesho lilikuwa la mchana, baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu chombo cha kuwarudisha wanamuziki kilisubiri maji ya jioni. Tulikwenda na lori la nazi, mimi nimekaa juu ya magunia. Uwanjani palitandikwa majamvi na kufungwa turubai, na vipaza sauti viliazimwa kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi, ambaye alikaa karibu navyo muda wote asije mtu akaviangusha. Bi Nargisi alitoka. Alikuwa mfupi! Nilikuwa nimemfikiria mrefu kama mnazi, na hapa alikuwa mama wa makamo, mnene, anajipangusa jasho kwa leso. Kisha akafungua mdomo, na wanawake wote uwanjani wakapumua pamoja. Bi Mosi alikuwa amekaa mstari wa tatu, peke yake, pembeni mwake pako wazi pande zote mbili.

Wimbo ulipoanza Mama alinikamata mkono. Sikujua kwamba atakwenda nami. Tulipita katikati ya watu, yeye akicheza mabega, mimi nikivutwa, na ubeti ulipofika alisimama, akageuka, akainyoosha noti kumwelekea Bi Mosi. Vigelegele vikapigwa. Bi Nargisi akaurudia ubeti, kama wanavyofanya. Nikamwona Bi Mosi akinyanyuka na noti yake mkononi, akija mbele, na hakuwa anamtazama Mama. Alikuwa ananitazama mimi. Hapo nikajua kwamba anajua. Nilijua kwa uhakika kwamba atainua mkono, ataninyooshea noti ile mimi, mtoto wa miaka tisa, na Baba alikuwa amesimama palepale na wanaume wengine, nyuma ya kamba. Nilijikojolea. Maji ya moto yaliteremka mpaka kwenye ndara, na bado sikuweza kuyatoa macho yangu machoni pake.

Bi Mosi alifika. Aliiweka noti kwenye kiganja cha Bi Nargisi, mkono wake ukiwa chini, bila kumwelekea mtu. Kisha akajifunika mtandio na kutoka uwanjani. “Amekubali,” alisema mwanamke mmoja, na neno hilo likatembea majamvini kote.

Wiki iliyofuata Bi Mosi alinikuta peke yangu kwenye vigingi, maji yametoka. Nikamwamkia, “Shikamoo.” Akaitikia, “Marahaba mwanangu,” kama siku zote. Akaniambia Hatibu amemweleza, kwamba kwenye boti waliambiwa ni mtoto wa mwenye juya ndiye aliyesema shuleni. “Babako ana mkono mzito,” akasema. “Nyamaza hivyohivyo. Mimi ni mtu mzima, nitahama.” Alihama kweli, akarudi kwao Jibondo, mahali ambapo hata maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua. Nilifurahi alipoondoka. Nasema ukweli, nilifurahi, na usiku ule nililala chali.

Nimemwona Bi Nargisi mara nyingi tangu siku ile. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilikwenda kila alipoimba, na kila ulipofika wimbo ule nilitoka nje na kusimama karibu na vyoo mpaka uishe. Mwaka jana nilimpeleka Mama. Watu walikuja na simu zao juu, na wasichana walicheza bila kumwelekezea mtu noti, nadhani hata hawaijui desturi ile. Bi Nargisi aliimbia kitini, fidla ikimsubiri pale pumzi ilipokatika. Baba ameshafariki. Sasa hivi Utende watoto wa wavuvi wanaongoza wageni kuzamia matumbawe, na nikiwaeleza kwamba niliwahi kukosa usingizi kwa ajili ya wavu wananicheka. Wimbo ulipoanza sikutoka, kwa sababu magoti ya Mama yanamsumbua na alikuwa ameniegemea. Hakunyanyuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila kunigeukia, “Mosi hakukana hata mara moja. Angenambia si yeye, mara moja tu, wallahi ningemwamini.”

Ningeweza kusema palepale. Nina umri wa kuwa na mvi, nafundisha watoto wa watu. Nikamuuliza kama anataka maji.

Bi Mosi yu hai, hasikii vizuri, yuko Jibondo. Mama hajui kusoma, na ndiyo maana nimethubutu kuandika haya. Lakini binti yangu anajua, na kila Ijumaa baada ya chakula humsomea bibi yake chochote nilichoandika, neno kwa neno. Leo ni Alhamisi. Karatasi nimeziacha juu ya meza, na nimeshatoka kuziangalia mara tatu kama bado zipo.