Paneli Ndani ya Kitambaa cha Vyombo

Hiske Terpstra alikuwa na ugonjwa mmoja ambao madaktari wa jimbo zima la Friesland, huko Uholanzi, hawana dawa yake: akiletewa kitu kilichokufa, damu humchemka. Wenzake wa rika lake husisimka mifereji inapoganda barafu na watu wakakimbilia viatu vya kutelezea. Yeye husisimka kwa redio isiyolia. Miaka ishirini na sita alikaa kiwandani akilehemu ndani ya televisheni vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na kiwanda kilipofungwa wakampa shada la maua na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa haitembei. Akaifungua jioni ileile, akaitengeneza, na kesho yake akamwandikia meneja barua ya kumweleza ilikuwa na ubovu gani. Ndivyo alivyo. Hajawahi kumrudishia mtu kitu chake bila kumwambia kilichokiua. Kwake hiyo ni nusu ya kazi, na wasiopenda kusikia wapeleke vitu vyao kwingine.

Basi Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili, saa nne asubuhi, Baukje Hoitinga aliingia kwenye karakana yake, ambayo zamani ilikuwa banda la ng'ombe, bila kubisha hodi. Baukje, mke wa Douwe wa barabara ya kanisani, ni mtu wa kubisha hodi hata kwenye mlango wa choo chake. Hiske akajua kuna jambo.

"Mwenzangu, una kazi?"

"Nina kibaniko cha mkate cha mchungaji. Kitangoja."

Baukje akaweka mezani kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Ndani mlikuwa na paneli nyeusi ya ukubwa wa kitabu, yenye kioo kidogo, vitufe vitano na tundu la nyaya kwa nyuma.

"Umeing'oa wapi hii?"

"Kwenye gari-nyumba letu. Douwe yuko kwa kinyozi. Hajui."

Hiske alilijua gari lile, kijiji kizima kililijua: jeupe, lenye vitanda, jiko na choo ndani, na kila mwezi wa Mei likielekea Ufaransa. Paneli hii ndiyo inayoamuru kila kitu humo, taa, pampu ya maji, joto, na ndiyo inayosema betri imebakiwa na nguvu kiasi gani. Bila hiyo gari ni kabati lenye magurudumu. Majuma mawili yaliyopita walikuwa wamelitoa kwenye ghala la mkulima linakolala majira ya baridi, na siku chache baadaye paneli ikazimika. Muuza magari wa mjini akasema waliotengeneza paneli za aina hiyo walishafunga zamani, na ya kubadilisha haipatikani.

"Na Douwe akasema nini?"

"Hilo ndilo linaloniumiza. Hakusema kitu. Mtu anayeweza kubishana nusu saa juu ya bei ya ufagio, safari hii akanyanyua simu akamwita mnunuzi wa magari makuukuu. Anakuja kulichukua saa tisa."

"Saa tisa ya lini?"

"Ya leo, Hiske. Likiondoka limeondoka, hatutanunua jingine kwa umri huu. Miaka kumi na tisa tunakwenda nalo. Viazi nimeshaviweka chini ya kitanda."

"Bado mnabeba viazi kupeleka Ufaransa?"

"Vya kwao vinavurugika. Usinicheke. Nikishinda nyumbani kiangazi kizima nikimtazama Douwe anavyoitazama bustani, nitamuua kwa kijiko."

Hiske alikuwa ameshavaa miwani. "Kahawa iko kwenye chupa. Biskuti chukua moja. Kaa pale, na usiniulize-ulize."

Alifungua skrubu nne, akaunganisha paneli na betri ya zamani iliyokuwa chini ya meza. Kimya. Akabonyeza kona moja ya bodi kwa ncha ya kidole. Kioo kikawaka, kikazima, na taa ndogo ya pampu ikapepesa yenyewe bila mtu kugusa kitufe.

Moyo wa Hiske ukaruka. Kitu kilichokufa moja kwa moja kinamchosha, lakini kinachokufa na kufufuka kina siri ndani yake, na siri hawezi kuiacha. Akachukua mita na kuanza kuufuata umeme hatua kwa hatua, akijisemea kwa sauti kama kawaida yake. Volti kumi na mbili zimeingia. Zimepita kwenye fyuzi. Zimefika kwenye kipande kinachozipunguza kuwa tano, na tano zimetoka salama. Sentimita mbili mbele, hakuna kitu.

"Zimepotelea njiani," akasema, na uso umemchangamka. "Hapa zipo, hapa hazipo. Zimepotelea chini ya kioo."

"Hilo ni jambo zuri?"

"Ni zuri mno. Nyamaza."

Akakitoa kioo polepole kwa joto la chuma cha kulehemu, pini baada ya pini, pumzi ameibana. Chini yake bodi ilikuwa imeota ukoko mweupe uliochanganyika na kijani. Hiske akagusa kwa kidole, akaonja.

"Hiske, hiyo sumu."

"Nilikula vitu vibaya zaidi kwenye harusi ya kaka yako." Akatema kwenye leso. "Chumvi. Mlilipeleka gari baharini?"

"Lilikuwa ghalani tangu Oktoba."

"Na ndani mliweka bakuli."

"Kila mtu huweka bakuli."

Ni kweli, kila mtu huweka. Gari likienda kulala, kinaachwa ndani chombo cha chumvi ya kunyonya unyevu ili magodoro yasiote ukungu, na majira ya kuchipua yakifika chombo kimejaa maji makali yanayotafuna chuma.

"Bakuli mliliweka wapi?"

"Mezani, kama siku zote."

"Na paneli iko wapi?"

"Kando ya mlango, usawa wa kifua."

"Maji hayapandi ukuta. Nani alilitoa bakuli?"

Baukje akakizungusha kikombe chake. "Douwe. Mimi nilikuwa nafua mapazia."

Hiske alikuwa na haraka. Akaisugua bodi kwa mswaki na maji safi yasiyo na madini, akairudia kwa spiriti, kisha akaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Ukoko ulipotoka, ubaya wote ukaonekana: njia moja ya shaba ilikuwa imeliwa kabisa, imebaki alama tu. Alichomoa uzi mmoja kwenye waya wa kawaida, akaulaza juu ya pengo, na kuulehemu huku na huku chini ya lenzi. Mkono wake ulikuwa umetulia. Kila kitu kingine mwilini kilikuwa kinataka kucheza.

Saa nane akarudisha kioo mahali pake na kuunganisha betri. Kioo kikawaka, kikabaki kimewaka. Baukje akainuka na biskuti ya pili mkononi, aliyodhani haikuonekana.

Hiske akajaribu vitufe. Taa, sawa. Joto, sawa. Pampu, hola. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu, akatukana kwa Kifrisia neno ambalo Baukje hajalisikia tangu marehemu baba yake. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya kitufe chenyewe.

"Sasa?" Baukje akauliza. "Imebaki saa moja."

"Sasa tunaiba."

Alikuwa na chupa za jamu zilizojaa vitufe vya mashine zilizokwishakufa. Akamwaga chupa nzima mezani, wakachambua wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana. Kimoja kirefu, kingine kina miguu miwili badala ya minne. Mwishowe Baukje ndiye aliyekiokota, kitufe cha mashine ya zamani ya video, kikaingia kana kwamba kilizaliwa humo. Hiske akalehemu miguu minne, akabonyeza, taa ya pampu ikawaka.

"Chukua baiskeli," akasema.

Walipiga pedali dhidi ya upepo, paneli imo ndani ya koti la Hiske, na mwanamke huyu wa miaka sitini na moja alikuwa anacheka peke yake njia nzima. Alikuwa na furaha isiyo na adabu.

Mnunuzi alikuwa amewahi. Kijana wa viatu vinavyong'aa, ameegesha gari lake kuziba njia ya kutokea, anaongea na simu. Douwe alisimama kando ya gari-nyumba na nywele zake mpya, ufunguo mkono wa kushoto, wa kulia umo mfukoni.

"Baukje, paneli iko wapi? Nimekuta shimo na nyaya."

"Ipo hapa," akasema Hiske, akampita akaingia ndani.

Nyaya, skrubu nne, kitufe. Taa zikawaka mpaka nyuma kitandani. Pampu ikanguruma, bomba la jikoni likakohoa hewa mara mbili, na maji yakaja. Baukje akatia mikono yote miwili chini ya bomba, akajipaka maji usoni, machozi na maji yakachanganyika, wala hakujali nani anamwona.

Kijana akakata simu na kuchungulia. "Safi sana, mzee. Kama linafanya kazi, naweza kukuongezea kidogo."

"Weka kidogo chako, utakihitaji," Hiske akamwambia. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akamgeukia Douwe. "Haikufa kwa uzee. Ilimwagikiwa na maji ya bakuli la chumvi. Atakayelitoa mwaka kesho alifunike, asije akaligonga tena ukutani."



"Sikuligonga," akasema Douwe.

Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaunyoosha mbele yao. Ulikuwa unatetemeka. Akautazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani aliyeingia uani.

"Tangu Januari. Ukinipa kisogo nashika kikombe kwa mikono miwili. Siku ile nikilitoa bakuli lilikuwa limejaa, nikashindwa kulishika sawa, likamwagikia hapo. Nikafuta, nikanyamaza. Nikaona gari likifa lenyewe, sitalazimika kusema."

Hiske alitamani ardhi immeze. Kwa mara ya kwanza maishani alijuta kwamba ile nusu nyingine ya kazi yake hakuiacha mdomoni. Pampu ilikuwa bado inanguruma. Akanyoosha kidole, akaizima.

Baukje akaketi kwenye ngazi ya mlango, mikono inachuruzika maji. "Umemwona daktari?"

"Hapana."

"Jumatatu tunakwenda."

"Sawa."

"Miezi minne, Douwe. Mimi nalala pembeni yako."

"Najua. Niliogopa, mama. Mtu hawezi kushika usukani mpaka Ufaransa na mkono huu, na malori yale ya barabara ya Antwerpen, kule Ubelgiji."

"Kweli hawezi." Akajifuta mikono kwenye sketi na kusimama. "Lete ufunguo."

"Wewe hujawahi kuliendesha."

"Hukuwahi kuniachia. Trekta la baba niliendesha nina miaka kumi na miwili, na wewe miaka kumi na tisa umeniamini na viazi tu. Lete."

Akampa. Baukje akapanda upande wa usukani, akavuta kiti mbele, akapanga vioo kimoja kimoja bila pupa. Douwe akazunguka kwenda upande wa pili na kusimama nje ya mlango ule kana kwamba anangoja kufunguliwa, kisha akaufungua mwenyewe, akapanda. Injini ikawaka. Hiske alikuwa ameegemea baiskeli ukutani.

Baukje akatoa kichwa dirishani. "Kijana, ondoa gari lako. Tunakwenda kujaribu mpaka kwenye tuta la kuzuia bahari."

Kijana akamtazama Douwe, akingoja neno la mwenye gari. Douwe alikuwa anahangaika na mkanda wa kiti asichokizoea, akasema bila kuinua kichwa:

"Unanitazamia nini mimi? Dereva amekwambia usogee."