Ngazi za Ghorofa ya Sita

Dereva alikuwa amekaa miaka arobaini nyuma ya usukani wa basi, akaona mengi, akaamini hakuna tena cha kumshangaza. Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyemtoa kwenye imani hiyo.

Mwalimu aliteleza bafuni akiwa na miaka sabini na miwili. Nyonga ikapata ufa. Alilala wiki saba. Mumewe akampikia, akamwogesha, akawa anamnyanyua kitandani kama furushi. Mfupa uliunga, lakini mapaja yalikuwa yamenywea. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alipomwambia ainuke kitini bila kushika popote, Mwalimu alijaribu mara tatu, akarudi puu! Akajifunika uso kwa viganja.

"Mwache apumzike, dada," Dereva alisema. "Umri umekwenda."

"Baba, kilichomaliza miguu hii si umri peke yake, ni kulala. Misuli ya mzee nayo hupata nguvu ikipewa kazi."

Kesho yake Mwalimu alipanga mito miwili juu ya kiti kiwe kirefu, akainuka mara moja. Siku ile akawa na moja. Wiki iliyofuata, nne. Akaondoa mto wa kwanza, baadaye wa pili. Chai ikichemka, alisimama jikoni kwa mguu mmoja, kidole kikigusa ukingo wa sinki, akihesabu kwa sauti kana kwamba yuko darasani.

"Umekuwa korongo siku hizi?" mumewe alimtania.

"Korongo hatelezi bafuni, mume wangu."

Hakuruka siku, hata zile alizoamka na maumivu akamnunia kila mtu.

Mwezi wa tisa wa mazoezi hayo, binti yao akajifungua. Alikaa ghorofa ya sita, na walipofika kumwona, lifti ilikuwa imekufa.

"Tuwapigie simu wamshushe mtoto," Dereva alisema.

"Kichanga cha siku nne? Thubutu!" Mwalimu akatundika mkoba begani, akaanza kupanda.

Dereva akafuata. Ghorofa ya pili pumzi zilimkata. Ya nne magoti yaligoma kabisa, akajibwaga kwenye ngazi, jasho likimtiririka. Juu yake alisikia hatua za mkewe, hazina haraka wala kusita, zikizidi kwenda mbali. Akainua shingo kusikiliza. Huyu ndiye aliyeshindwa kuinuka kitini? Mlango ukafunguka huko juu, vicheko vikamwagika, mtoto akalia.

Kisha hatua zikaanza kushuka.

"Umerudi kufanya nini?" aliuliza, haamini macho yake.

"Kukuchukua wewe."

Dereva alikuwa na mwili wa haja. Mwalimu alitanua miguu, akakunja magoti kidogo, akamshika mkono, akamvuta. Hakuyumba hata chembe. Dereva akasimama, akimtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Polepole. Tangulia na mguu wa kulia."

Binti aliwangoja mlangoni, mtoto kifuani. "Baba, mbona machozi? Mjukuu wako mzima kabisa."

"Si mjukuu anayeniliza. Muulize mama yako amepanda mara ngapi."

"Mara mbili," Mwalimu alisema, akinyoosha mikono apewe mtoto.