Nafasi ya Vidole Vinne

Mwaka 1976 mama yangu alisimama mbele ya meza ya serikali, hapa hapa Bukavu, akaapa kwamba Virginie hayuko duniani.

Virginie ni yeye mwenyewe.

Na aliyemfikisha pale ni mimi, mwanawe wa kwanza, Jeanine. Nimekaa na hii habari miaka mingi, leo acha niiteme.

Mama aliuza ndagala, dagaa wakavu kutoka Uvira. Alikuwa anawapanga chini, kwenye njia ya mteremko kule Kadutu, na mvua ya Bukavu mnaijua. Haipigi hodi. Ndagala wakilowa wananuka, na wakinuka ni kutupa.

Mama alitaka kitu kimoja tu maishani: nafasi chini ya paa.

Na paa lilikuwepo. Ukishuka Kadutu kuelekea mjini kulikuwa na kiwanda cha zamani cha sabuni. Wazungu wake walinyang'anywa na serikali, akapewa mkubwa mmoja kutoka mbali, naye akauza mashine moja moja mpaka misumari, halafu akapotea. Kikabaki kiwanja, vyuma vyenye kutu na paa zima la mabati.

Mtaa ukakaa, ukasema: tukisafishe wenyewe, kiwe soko.

Kamati ikaundwa. Mkubwa wake akawa Citoyen Mushagalusa (Citoyen ni "raia", ndivyo serikali ilivyotaka tuitane), mwenye malori mawili na mdomo mtamu kupita kiasi. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila Jumamosi tulikuwa na salongo, ile kazi ya lazima ya umma. Badala ya kufagia barabara, tungesafisha kiwanda. Atakayefikisha salongo ishirini anapata nafasi yake ndani.

Karani wa kamati nikachaguliwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafundisha shule ya msingi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri mpaka unakera. V yangu, kwa mfano, ilikuwa na mkia mrefu unaopanda juu. Masista walinigombeza kwa huo mkia tangu darasa la tatu, nami nikakataa kuuacha.

Jumamosi ya kwanza Mushagalusa akaniita kando.

"Ma fille, huku juu ya karatasi uache nafasi. Vidole vinne hivi. Kichwa ya liste nitaipigisha na machine ku bureau yangu, itoke propre, safi."

Nikapima vidole vyangu vinne. Chini yake nikaanza orodha ya waliofika. Jina la kwanza likawa la mama, maana ndiye alikuwa wa kwanza kufika. Kila mtu akaweka sahihi au kidole gumba mbele ya jina lake.

Jumamosi ishirini nilipima hivyo hivyo, na niliona fahari. Mimi na machine ya kuandikia kwenye karatasi moja!

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Jumamosi ya saba mama aliteleza karibu na pipa lililokuwa bado na soda ya kupikia sabuni. Ikamla mguu, nyama ikaonekana. Jumamosi iliyofuata nikamkuta kiwandani, mguu umefungwa kitenge, anabeba mawe.

"Rudia nyumbani, maman," nikamwambia.

"Ukiniandika absent, utakula kwa nani leo?"

Siku ya ishirini alichukua kipande cha mkaa, akachora msalaba ukutani karibu na mlango. Akasimama mbele yake akiutazama. "Ni hapa," akasema. Sijawahi kumuona na furaha ile.

Jumamosi iliyofuata tulikuta wanaume wanachimbia nguzo.

Mmoja alikuwa anapima na kamba. Papa Anaclet, aliyepika sabuni pale miaka kumi na mitano na ambaye hasira yake haikuwa mbali, akamuuliza nani amewatuma.

"Ni dépôt ya Citoyen Mushagalusa, ya kuweka mizigo ya malori yake. Ninyi mwenyewe mulisinya."

Akatoa karatasi. Papa Anaclet akaninyooshea nisome, maana kichwa kilikuwa kwa Kifaransa. Nikasoma, nikiwatafsiria.

Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunakubali kiwanja hiki apewe Citoyen Mushagalusa, na hatutadai kitu.

Chini yake mwandiko wangu. Majina arobaini na matatu. Na karatasi zote ishirini zilikuwa hivyo hivyo.

"Iyi ni écriture ya Jeanine," Papa Anaclet akasema polepole. "Ye njo alituuzisha."

Watu wote wakanigeukia.

Nilipaswa kusema pale pale: aliniambia niache nafasi juu. Maneno manne tu. Lakini mwalimu mzima, niliyesomeshwa na masista, nikubali mbele ya wauza mboga kwamba nilimwachia mtu karatasi tupu mara ishirini? Aibu ilinifunga mdomo. Hata mama sikumwambia. Bora wanione mwizi kuliko mjinga, ndivyo nilivyowaza, na ninaandika hili nikiona haya.

Wiki ile hakuna aliyetusalimia. Aliyekuja nyumbani ni Mushagalusa peke yake. Akakaa kwenye kiti chetu kizuri.

"Maman Virginie, nafasi yako karibu na mulango iko palepale. We nyamaza tu. Bale bengine nitabamaliza mwenyewe."

Mama akampa maji, akamsindikiza mpaka njiani, kwa adabu zote. Aliporudi akaniuliza swali la ajabu.

"Ku ile liste uliandikaka majina gani? Za carte, ao za église?"

Vijana hamjui hii. Miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali. Kwenye kitambulisho kila mtu alikuwa na jina la kienyeji, na jina la kizungu kwenye karatasi ya serikali lilikuwa kosa. Lakini nyumbani na parokiani tuliendelea kuitana kama kawaida. Nami niliandika kama tulivyoitana: Virginie, Anaclet, Stanislas, Godelive. Hata Mushagalusa hakushtuka, kwa sababu yeye mwenyewe alituita hivyo.

"Za église," nikamjibu.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wote wabebe vitambulisho.

Jumatatu asubuhi, Mushagalusa alipopeleka karatasi zake kuandikishwa, tulijaa kwenye ofisi ya ardhi. Karani wa ofisi alikuwa ndani ya suti ya abacost iliyofungwa vifungo mpaka kooni. Mama akamuomba asome jina la kwanza.

"Virginie."

"Ule haiko. Mi ni M'Bulonza, angalia carte. Nakuapia, Virginie haiko mu hii dunia."

"Anaclet."

"Haiko," Papa Anaclet akadakia, kitambulisho mkononi. "Mi ni Cishugi."

Ikaendelea hivyo, mmoja mmoja. Mushagalusa akashindwa kuvumilia.

"Banadanganya. Huyu ni Virginie, Kadutu nzima inamujua."

Karani akainua macho. "Citoyen, umetaja jina gani mu bureau ya État, mbele ya serikali?"

Mushagalusa akarudi kukaa.

Karani hakuwa mtu mbaya. Akamwinamia mama, akashusha sauti. "Maman, uelewe. Nikiandika hawa batu habako, na salongo zabo haziko. Ile nafasi yako itakufa pamoja na hii liste. Utaniambia tena, Virginie iko ao haiko?"

Mama akautazama mguu wake. Kovu lilikuwa bado jekundu.

"Haiko," akasema.

Kiwanda kikafungwa kwa kufuli. Mushagalusa hakupata, nasi hatukupata. Mama akarudi kwenye mteremko na ndagala wake, na mvua ikarudi kwenye kazi yake. Watu walimheshimu mpaka mwisho. Mimi walinisalimia kwa sababu yake tu. Alikufa mwaka 1988, na hakuwahi kuniuliza kichwa cha ile karatasi kiliingiaje.

Mwaka 1990 serikali ikarudisha majina ya ubatizo. Mji ukashangilia.

Haukupita mwezi, Mushagalusa akatoa karatasi zake. Alikuwa amezitunza miaka kumi na minne.

"Sasa Virginie iko," akamwambia karani mpya.

Tukaitwa. Kati ya arobaini na watatu tulifika kumi na mmoja, Papa Anaclet akitembelea fimbo. Karani akasoma jina la kwanza. Nikasimama mimi.

"Haiko. Leo ni kweli, tulimuzika."

Halafu, sijui nguvu ilitoka wapi, nikaenda mezani nikaweka vidole vinne juu ya kichwa cha karatasi. Vikafunika chote. Nikasema maneno yangu manne, mbele ya wote, miaka kumi na minne nimechelewa.

Mushagalusa akatabasamu. "Hiyo ni mudomo tu. Preuve iko wapi, ushahidi?"

Karani akainua karatasi kwenye dirisha, akaisogeza karibu na macho yake.

"Jina hili la kwanza, V yake ina mkia," akasema. "Umepanda mpaka ndani ya kichwa. Na herufi za machine zimepigwa juu ya wino. Kichwa kilikuja baada ya majina."

Akaangalia ya pili, ya tatu, mpaka ya ishirini. Mama alikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi. Kila karatasi ilianza na V.

Vichwa vikafutwa kwa mhuri. Ikabaki orodha ya salongo, safi, na majina ambayo sasa serikali iliyakubali. Ofisi ikaiheshimu ahadi ya kamati: kila aliyefanya kazi, au mtoto wake, akapata nafasi.

Msalaba wa mkaa bado ulionekana karibu na mlango. Papa Anaclet akanishika mkono, akanipeleka mpaka pale.

"Ikala," akasema. "Ni ya mama yako."

Nikakaa. Nje mvua ikaanza, juu ya mabati, nami mkavu kabisa.

Ndugu yangu, usimwachie mtu nafasi tupu juu ya majina ya watu. Na kama uliiacha, sema siku ile ile, hata ukionekana mjinga.

Ule mkia wa V ulikuwepo tangu 1976. Ningefungua mdomo Jumamosi ile, mama angeuza ndagala wake chini ya paa miaka kumi na miwili.