Siku Aliyosema Yuko Zamu

Katika jengo lile la ofisi, la ghorofa saba, hakuna aliyemwita kwa jina. Wapangaji, wafagizi, hata meneja walimwita Fundi, na kila mtu alijua ni fundi yupi, kwa sababu lifti zilikuwa mbili na aliyezijua tabia zake alikuwa mmoja. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mchapakazi, asiyekunywa, asiyechelewa. Ungemuuliza yeyote pale kama Fundi ni mwongo, angekushangaa. Na kweli hakuwa mwongo wa mazoea. Alidanganya kwa ajili ya sahani ya chakula tu, na hilo ndilo lililomfedhehesha zaidi baadaye.

Kwa miaka sita tangu aoe, kila sikukuu alikula kwa mama yake. Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini, na ingawa alikwisha kustaafu, bweni halikumtoka. Chakula kililiwa saa saba kamili. Simu zilikusanywa zikawekwa juu ya kabati. Alipakua mwenyewe, akianza na shangazi, dada wa marehemu baba, aliyeishi naye na aliyekuwa amebakiwa na meno manne. Ukiongea wakati wa kula, mama aligonga sufuria kwa kijiko cha kupakulia, mara mbili, ukanyamaza. Na hakuna aliyeinuka mpaka wa mwisho amalize. Wa mwisho siku zote alikuwa shangazi. Kwa hiyo sikukuu ya Fundi ilikuwa kukaa mbele ya sahani tupu kwa dakika arobaini, akimtazama shangazi akibembelezana na paja la kuku.

Kwa wakwe zake mambo yalikuwa mengine. Huko alifika siku ya pili, wakati wa viporo, na hata hivyo viporo vilikuwa na raha. Watu walikula uani, wengine wamesimama, wengine wamekalia ndoo, na mashemeji zake watatu walitaniana mpaka mtu anapaliwa na wali. Akirudi kazini aliwasimulia wenzake. "Kwa mama nakula," alisema. "Kwa wakwe nasherehekea." Wenzake walicheka, naye akajiona amesema jambo la busara.

Mwaka wa saba hakutaka viporo. Jioni ya kuamkia sikukuu alimpigia mama yake simu.

"Mama, kesho nimewekwa zamu. Lifti moja imekorofisha."

"Siku ya sikukuu?"

"Ndiyo hivyo, mama. Kazi."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Pole, baba. Na utakula nini huko?"

"Nitapata chochote tu, usijisumbue."

Akakata simu, akaenda jikoni kwa mkewe. "Nimeongea na mama. Amesema mwaka huu twende kwenu. Ametoa ruhusa mwenyewe."

Mkewe aliruka kwa furaha. "Mama yako huyu huyu?" Fundi akacheka naye. Ule uongo wa pili ulimtoka laini kuliko wa kwanza, wala hakuhisi kitu.

Kesho yake alikula kama mtu aliyefunguliwa. Shemeji mkubwa alimjazia sahani mara tatu. "Kula, shemeji, hapa hatuhesabiani vipande!" Mama mkwe alimwita "mwanangu" mbele ya majirani. Shibe ilipokolea, shemeji mdogo, yule mchokozi, akamuuliza kwa sauti ya kusikiwa na uani kote, "Haya shemeji, sema ukweli leo. Wapi kutamu, hapa au kwa bi mkubwa?"

Angeweza kucheka tu akapita. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Alisimama, akachukua kijiko cha kupakulia kutoka kwenye sufuria, akakaza shingo, akabana midomo, akagonga sufuria mara mbili. "Meza si soko!" alisema kwa sauti ya mama yake. Kisha akaketi akawa shangazi, akitafuta jino la kutafunia, huku akiwatupia jicho wageni wasiinuke. Watu hawakuwa na mbavu. Shemeji mkubwa alijifuta machozi kwa kiganja. "Rudia, rudia pale pa kijiko!" Akarudia. Mkewe peke yake hakucheka. Alikusanya sahani, akaingia ndani.

Siku mbili baadaye Fundi aliripoti kazini. Mlinzi wa getini, mtu mzima ambaye wote walimwita Afande, alimpokea kwa tabasamu ambalo hajapata kuliona usoni mwake.

"Fundi, una mama, bwana!"

"Mama yupi?"

"Mama yako. Hakukwambia? Alikuja siku ya sikukuu. Alikuletea chakula."

Fundi alishika mlango wa geti. "Saa ngapi?"

"Saa nane hivi. Nilikuwa ndiyo nimepokea lindo. Akasema mwanangu yuko juu anatengeneza lifti, nikaona lifti kweli zimezimwa, nikadhani umeingia kabla yangu. Nikamwelekeza, chumba cha mitambo kiko juu kabisa. Akapanda."

"Kwa ngazi?"

"Sasa angepanda na nini? Lifti zimezimwa, kumbe ulizizima mwenyewe kabla ya sikukuu. Ghorofa saba, na hotpoti mkononi. Nilitaka kumbebea, akakataa, akasema niko lindo nisiache geti. Alikaa huko juu muda. Aliposhuka alikuwa anashika ukuta. Akaniambia, 'Nimekosea siku, baba. Zamu yake ni kesho.'"

Fundi aliinua macho, akatazama ghorofa ya saba.

"Basi akatandika kitambaa hapo kwenye benchi, akanipakulia. Fundi, nina sikukuu kumi na moja kwenye geti hili. Zote nimekula nimesimama, jicho barabarani. Hiyo ndiyo ya kwanza mtu kukaa na mimi. Mimi meno yananisumbua, nakula polepole. Yeye alimaliza zamani, lakini hakuinuka mpaka nilipomaliza. Wala hakusema neno. Alikaa tu. Sijala chakula kitamu namna ile."

Fundi alipanda ngazi kwenda kuwasha lifti. Kila ghorofa alihesabu vidato, na kwenye ghorofa ya nne, yeye mwenye miguu mizima, alisimama kuvuta pumzi. Kwenye mlango wa chumba cha mitambo kulikuwa na kufuli, kufuli lile lile alilolifunga kwa mkono wake. Aliona aibu kulifungua. 

Alipotoka kazini alasiri hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mama yake. Alimkuta sebuleni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, goti limevimba na kupakwa dawa. Shangazi alikuwa amelala chumbani.

"Karibu, baba. Pole na kazi. Walikuchosha ile siku?"

Aliuliza kwa upole, huku akimtazama usoni. Swali hilo lilimwachia mlango wa kutokea, na Fundi, ambaye njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kukiri, alijisikia akisema, "Kidogo tu, mama. Tulimaliza jioni."

Uso ulimwaka moto hata kabla hajafunga mdomo. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kujisugua goti. Fundi alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mama, nimedanganya. Sasa hivi pia nimedanganya. Sikuwa kazini."

"Najua."

"Afande ameniambia ulikuja."

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu ulidanganya, au kwa sababu umejulikana?"

Fundi alishika mgongo wa kiti. "Kwa sababu nimejulikana."

"Hilo angalau ni la kweli," mama alisema. "Keti. Mkeo alinipigia jioni ile. Alinishukuru kwa kuwapa ruhusa. Alifurahi mpaka sauti ikamtetemeka. Ndipo nikajua ulikuwa wapi. Unafikiri nilimjibu nini?"

"Sijui, mama."

"Nilimwambia karibuni. Na mlinzi nilimwambia nimekosea siku. Miaka thelathini niliwaadhibu watoto wa watu kwa uongo, sikuwahi kumwonea aibu hata mmoja wao. Sasa katika siku moja nimesema uongo mara mbili, na umri huu, ili watu wasijue mwanangu ni mtu wa namna gani."

Goti lile Fundi alikuwa amejiandaa kuliombea radhi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alitazama chini kwenye zulia, akatamani angalau amfokee.

"Huko kulikuwa na raha?" mama aliuliza.

"Kulikuwa na raha."

"Kuliko hapa?"

Ulimi ulitaka kuteleza tena. "Kuliko hapa, mama."

Mama aliushusha mguu kutoka kwenye kigoda. "Ungeniambia hivyo, ningekwambia nenda. Ningeumia, lakini ningekwambia nenda. Sasa sikiliza. La mlinzi nitalifuta mwenyewe, goti likipoa. La mkeo kalifute wewe. Leo."

Njia nzima kurudi nyumbani Fundi alijisikia mwepesi kidogo, kama mtu aliyelipia kosa lake. Mkewe alikuwa akichambua mchele mezani. Alimweleza yote palepale mlangoni, akiwa amesimama: zamu ya uongo, ruhusa ya uongo, ngazi, benchi la mlinzi. Mkewe aliacha mchele.

"Ina maana nilimpigia mama kumshukuru kwa kitu ambacho hakutoa?"

"Ndiyo."

"Na bado akaniambia karibuni?"

"Ndiyo."

Mkewe alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na kile kijiko ulichogonga pale kwetu, ndugu zangu wakamcheka. Hicho umemwambia?"

Fundi aliegemea fremu ya mlango. Hakuwa amemwambia. Na hakuwa amesahau. Pale sebuleni, mama alipouliza kama kulikuwa na raha, jambo hilo lilimjia waziwazi, akaliruka kwa makusudi, kisha akajipongeza kwa ukweli wake.

"Shemeji yako ameshawasimulia watu mtaani," mkewe alisema. "Ataambiwa tu. Unataka aambiwe na nani?"

"Ataniona mtu gani?"

"Mtu uliyekuwa siku ile."

Fundi aliinama avue viatu, mkewe akamzuia begani. "Usivue. Bado kuna mwanga. Rudi."

Aligeuka akatoka. Jirani mmoja alimsalimu njiani akimwuliza sikukuu yake ilikuwaje, naye akajibu kwamba ilikuwa mbaya, kwa kosa lake mwenyewe, akaendelea kutembea kuelekea kwa mama yake bila kumngoja jirani acheke.